Safu ya Kumi na Tisa

Watu niliwamaliza kwa siku mbili.
Nyumba hamsini na nane; kila mlango niliuandika namba kwa chaki,
na mbuzi wa Dongarpani wakailamba
kabla sijafika mlango wa pili.

Mia tatu arobaini na mmoja.
Wanaume mia moja sitini na wanane,
ila tisini kati yao wako Gujarati wanachanganya zege,
hurudi sikukuu ya Holi na simu mpya, na kikohozi.
"Waandike," alisema Khemli, "sahani zao zipo."
"Sahani zipo," akadakia mkwewe, "mikono haipo."
Nikawaandika kwa penseli.

Ikabaki safu ya kumi na tisa:
umbali kutoka kijijini hadi kituo cha basi.
Chini ya kilomita tano, A.
Tano hadi kumi, B.
Zaidi ya hapo, C.
Pale njia panda pana ubao wa buluu
unaosema lami ilishafika kwetu,
na gharama yake, na jina la mkandarasi.
Njia ya mwongo ni fupi:
kwa ubao ule, basi tunalisikia likipiga honi.

Nikawauliza wenyewe.
Nansingh, asiye na saa, akapima kwa tumbaku:
"Misokoto miwili kwenda. Kurudi, mitatu."
Rumli, mgongo umepinda kama mundu, akaniuliza yeye:
"Umebeba nini?
Ukibeba kapu la maua ya mahua, ni mbali.
Ukirudi na chumvi tu, si mbali.
Ukiwa maiti ni hapo hapo, nani akuharakishe?"
Na kijana Vesta, wa darasa la tisa, mpenda hesabu:
"Kiangazi, mwalimu, kilomita saba na nusu.
Mvua zikija, mto ukajaa, hakuna kilomita.
Kuna ng'ambo tu."

Fomu haikuwa na kisanduku cha ng'ambo.

Hesabu ilikuwa ifungwe saa sita usiku,
Jumatatu kuamkia Jumanne.
Saa nne hivi uchungu ukamshika Thavri.
Tulipanda kilimani kutafuta mtandao; gari la wagonjwa likajibu
litatusubiri kwenye kalvati, mbele ya hapo haliendi.

Kitanda cha kamba kina miguu minne,
kinataka mabega manne.
Nikafungua fomu kwa tochi, nikitafuta mabega:
penseli, penseli, penseli.
Basi akashika Nansingh na miaka yake sabini,
akashika Khemli, akashika Vesta,
na mguu wa nne nikauchukua mimi,
karatasi za serikali nimezibana kwapani.

Sikuhesabu kilomita.
Nilihesabu pumzi za Thavri, na kokoto za mto mkavu
ziliponiingia kwenye ndala.
Mara akasema, "Shusheni,"
kwa sauti ya mtu anayeshuka kituoni kwake.

Mtoto alizaliwa mchangani, si kijijini, si barabarani.
Vesta alishika tochi huku ameangalia pembeni.
Simu yangu ilisema dakika mbili kabla ya saa sita.
Simu ya Khemli, dakika tano baada.
Dereva tulipomfikia alituonyesha saa ya gari:
imekufa tangu Diwali.

Kwao huku jina hutoka katika siku.
Wa Jumatatu ni Somli, wa Jumanne ni Mangli.
Kwangu mimi, Somli yumo katika hesabu,
Mangli angesubiri miaka kumi.
Nikaandika Somli. Kwa wino.
Mia tatu arobaini na wawili.

Safu ya kumi na tisa nilijaza maneno
mpaka yakamwagika pembezoni.
Msimamizi aliyapiga mstari mmoja, akaweka B,
akaniambia mwandiko wangu ni mzuri.

Bibi yake humwita Mangli mpaka leo.
Anasema simu ya Khemli haijawahi kukosea.